Amana Hairudishwi na Vumbi

Ifakara
15 Machi 1953

Kaka Fridolin,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Najua ukiona mwandiko wangu utasema, "Haya, Klementina anataka kanga." Safari hii sitaki kanga. Tafuta mahali ukae, ndipo uendelee kusoma.

Baba yuko mahabusu. Askari walikuja Jumatano, mimi na Mama tunatwanga. Kwa Bwana Mluzi, yule Mzungu wa shamba la pamba anayepita barabarani akipiga mluzi kama mchunga ng'ombe, ambaye Baba humlindia nyumba, imeibiwa wiski, kasha zima. Basi wakapekua kwa kila anayemfanyia kazi. Kwa Pantaleo mpishi hawakuona kitu. Kwetu wakapanda kwenye kihenge, wakazamisha mikono ndani ya mpunga, wakatoka na chupa ya wiski iliyojaa, haijafunguliwa.

Kaka, ni ile. Ile ambayo tulipokuwa wadogo tukiisogelea tu tunachapwa.

Niliwaeleza wale askari tangu mwanzo. Kwamba wakati wa vita ya Wajerumani Baba alikuwa boi wa Bwana Daktari. Kwamba walipokuwa wakiwakimbia Waingereza kwenda Mahenge, Daktari alimpa chupa hiyo pale mtoni akamwambia, "Severini, nitunzie hii. Vita ikiisha nitarudi, tuifungue pamoja." Wakacheka mpaka wakashika matumbo. Mmoja akasema, "Mtu mweusi akae na wiski tangu vita ile asiinywe? Labda baba yako ni malaika." Baba mwenyewe hakujitetea. Aliwaambia tu waishike vizuri wasiiangushe.

Wanasema atangoja Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, avuke mto kutoka Mahenge aje kusikiliza kesi. Akionekana mwizi ni jela, kaka, na kifua cha Baba unakijua. Mwaka jana wakati wa baridi tulimpakia mafuta usiku na mchana. Akienda kulala kwenye saruji sidhani kama atarudi.

Wewe unashinda na chupa hizo huko hotelini. Hebu niambie, kuna njia ya kujua umri wa chupa? Ng'ombe tunamtazama meno. Chupa tunaitazama nini? Maana ikijulikana ni ya zamani, basi si ya Bwana Mluzi, na Baba anarudi nyumbani.

Mama anakusalimu. Hali chakula vizuri.

Mdogo wako,
Klementina


Dar es Salaam
29 Machi 1953

Mdogo wangu Klementina,

Milele, amina. Marahaba.

Nilisoma barua yako nimesimama, wala sikukusikiliza, ikabidi nikae sakafuni mbele ya watu. Baba! Mtu ambaye akiokota yai la kuku wa jirani anazunguka mtaa mzima kuuliza mwenyewe ni nani!

Sasa nisikilize vizuri. Umeandika kwa mtu anayestahili. Mimi hapa ni mkubwa wa weta, kama nilivyowaambia, na chupa zote zinapita mikononi mwangu. Sheria hairuhusu hata tone liguse ulimi wangu, lakini macho hawajayakataza. Hata hivyo, mambo ya umri ni kazi ya Bwana Kamilo, Mgoa wetu wa baa. Ni Mkatoliki mwenzetu, ana hasira za karibu, ila moyo wake mweupe. Nilimweleza. Kwanza akasema niondoke nisimpotezee wakati. Baadaye akaniita mwenyewe.

Anasema chupa ina meno yake kama ng'ombe. Tazama kizibo: ni cha gome la mti kilichozama chote shingoni, au kina kichwa cha kushikia? Juu yake kuna lakiri, ile nta ya muhuri? Wiski imefika wapi? Maana ikikaa miaka mingi hupungua yenyewe hata ikiwa imefungwa. Na mwisho, nyuma ya chupa, chini, kuna kikaratasi kidogo cha duka? Anasema maduka ya zamani yalikuwa yakibandika majina yao. Hicho ndicho kikubwa kuliko vyote.

Hiyo chupa anayo nani? Fanya uwezavyo uione. Na kama kuna maandishi, niandikie herufi kwa herufi, usinitafsirie. Najua masista wamekufundisha kusoma na kiburi kwa pamoja.

Ningekuja mwenyewe, lakini hoteli bila mimi haiendi.

Kaka yako,
Fridolin


Ifakara
12 Aprili 1953

Kaka Fridolin,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Hoteli haiendi bila wewe! Basi na ifunge. Mtu akikusikia atadhani Wazungu wa Dar es Salaam wanalishwa na wewe kwa kijiko.

Chupa nimeiona. Imefungiwa ndani ya sanduku la baraza, na ufunguo anao Teofili karani. Huyo Teofili tangu Krismasi kila akiniona anarekebisha kola. Nikamwendea na uso wa huruma. Akasema hairuhusiwi, hairuhusiwi kabisa, huku anafungua.

Kaka, ni chafu hiyo! Matope, pumba za mpunga zimeganda, panya wamekojoa juu yake, na karatasi ya mbele wameitafuna yote. Kizibo kimezama chote, hakina kichwa. Juu yake lakiri nyekundu, imepasukapasuka lakini haijatoka. Wiski imeshuka chini ya shingo, vidole viwili hivi vyangu. Na nyuma, chini kabisa, kipo kikaratasi! Rangi yake kama chai ya maziwa, kimeinuka pembe moja. Nimenakili nilichoweza, herufi kwa herufi, bila kiburi: DARESSALAM, halafu chini yake D.O.A. Jina la juu limefutika, linaanza na K. Teofili akasema nifanye haraka, hakimu wa baraza anakuja.

Nikaenda kwa Baba na chakula, wali na kambale wa kukausha. Nikamwambia nimeiona. Swali lake la kwanza, hata kabla ya kunawa: "Haijavunjika?" Nikasema haijavunjika. Akala vizuri siku hiyo.

Mvua huku haina mchezo. Lori la posta limekwama Mkula, na barua sasa zinabebwa kichwani na mtu wa miguu. Mama yuko shambani ng'ambo, upande wa Lupiro, anafukuza viboko kwenye mpunga peke yake, maana mwenye kufukuza tangu zamani ni Baba.

Wanasema Bwana Shauri atavuka maji yakipungua tu. Jibu upesi.

Klementina


Dar es Salaam
28 Aprili 1953

Klementina, Klementina, mdogo wangu!

Kama ningekuwa karibu ningekubeba mgongoni nikuzungushe Ifakara nzima!

Nilimpa Bwana Kamilo barua yako. Akavaa miwani. Akavua miwani. Akaishika karatasi karibu na taa kama anayekagua noti. Akaniambia, "Fridolin, D.O.A. ni jina la nchi hii wakati wa Mjerumani. Tangu Waingereza walipoingia Dar es Salaam hakuna duka lililobandika tena kikaratasi hicho. Chupa hii iliingia nchini kabla ya vita ile." Umeelewa? Kabla ya vita! Na Bwana Mluzi alikuja shamba lile majuzi tu, mimi nikiwa tayari nimeondoka nyumbani. Chupa ya Baba inamzidi hata yeye umri wa kukaa hapa!

Nikamuuliza na thamani yake. Akasema kuna Wazungu hapa ambao kwa chupa moja ya namna hiyo, nzima, yenye lakiri, watatoa bei ya baiskeli mpya pamoja na taa. Nikakumbuka Baba anavyokwenda Mahenge kwa miguu, na baiskeli imo ndani ya mpunga wake miaka yote hiyo.

Lakini hayo ya baadaye. Kwanza Baba atoke. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Bwana Kamilo mwenyewe, kwa Kiingereza, kwa Bwana Shauri. Ameandika kila kitu na ametia sahihi: atazame kikaratasi cha nyuma, aone D.O.A., ajue ni ya zamani. Mpe Bwana Shauri mkononi.

Sasa shika neno hili kuliko yote. MSIIGUSE CHUPA. Bwana Kamilo amelirudia mara nyingi mpaka akapandisha sauti. Msifute vumbi, msikwangue matope, msiipeleke hata karibu na maji. Uchafu ule ndio shahidi wa Baba. Kikaratasi kile kikitoka, chupa inakuwa bubu. Mwambie na Teofili wako.

Mpe Baba shikamoo yangu. Mwambie asihofu.

Kaka yako mwenye furaha,
Fridolin


Ifakara
2 Mei 1953

Kaka Fridolin,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Jibu lako halijafika, nadhani linaogelea mahali fulani kati ya Kidatu na Mkula. Nakuandikia hata hivyo kwa sababu leo nina furaha, na furaha siku hizi haikai.

Tumesikia Bwana Shauri atavuka mwisho wa mwezi. Baba alipoambiwa akaniita nisogee. Akasema, "Mwanangu, Mungu si Athumani. Nimemngoja Bwana Daktari mpaka nimeota mvi, na sasa mwenzake anakuja mwenyewe. Wazungu wanajuana. Nitamkabidhi yeye chupa, amfikishie." Nikasema, "Baba, hiyo ni kesi, si makabidhiano." Akasema kesi ni ya watu, amana ni ya Mungu. Kisha akauliza iko katika hali gani. Nikamwambia kweli, matope na mikojo ya panya. Kaka, sijawahi kumwona Baba ameona haya namna ile. Akafunika uso. Akasema, "Niliiacha hivyo! Sufuria tu la jirani hulirudishi bila kuliosha, sembuse amana. Klementina, nakuomba kama baba yako. Isifike mbele ya Mzungu na vumbi. Atasema Severini hakutunza."

Ningekataaje? Wewe ungekataa?

Nikamwendea Teofili. Safari hii hakubisha, akasema hata hakimu angefurahi, maana sanduku lote linanuka. Nikaipeleka kisimani. Nikaisugua kwa majivu na pumba kama ninavyosugua masufuria ya harusi. Ile lakiri ilikuwa mbaya, imepasuka kama kisigino cha mkulima, nikaikwangua yote kwa kisu. Kile kikaratasi kilijitoa chenyewe majini, kilikuwa kimeoza. Kilikuwa kinachafua chupa bure.

Sasa ungeiona! Inang'aa, wiski ndani rangi ya asali ya nyuki wadogo. Ungedhani imetoka dukani jana. Nikampitishia Baba aione kupitia dirisha la mahabusu. Akafanya ishara ya msalaba. Akasema, "Sasa sina deni na mtu."

Basi nami nimelala usingizi, kwa mara ya kwanza tangu wamchukue.

Klementina


Ifakara
20 Mei 1953

Kaka Fridolin,

Tumsifu Yesu Kristo.

Barua yako ya tarehe 28 imefika leo, imelowa pembeni. Maji yamepungua. Mama amerudi, mpunga umeinama vizuri, viboko wamekula upande wa mtoni tu. Jirani yetu Kandida amejifungua mtoto wa kike. Padre ametangaza maungamo.

Sijui niandike nini kingine kabla ya kuandika hili.

Kaka, nimeiosha.

Barua yangu ya tarehe 2 utakuwa umeshaipata, utakuwa umeona. Nilipofika pale ulipoandika kwa herufi kubwa nilidhani macho yangu yana kasoro. Nikarudia. Kisha nikakimbia kisimani. Nilipiga magoti pale kwenye tope nikachimbua majivu yangu mwenyewe kwa vidole. Wanawake wakaniuliza nimepoteza nini, hereni? Nikasema hereni. Wakainama wote kunisaidia kutafuta. Tumetafuta mpaka jua likashuka. Hakuna kitu, mvua imenyesha mara ngapi tangu siku ile.

Sikumwambia Baba. Amependeza, kaka. Ameomba Mama amfulie kanzu nyeupe kwa siku ya Bwana Shauri. Nitamwambiaje?

Kesi ni Jumatatu. Hii barua ya Bwana Kamilo nifanye nayo nini? Inasema kikaratasi kipo, na hakipo. Teofili anasema niitoe, kwa kuwa barua ya Kiingereza ina uzito. Mama anasema nisali. Ningekuuliza wewe, ila ukijibu itakuwa imekwisha pita. Nashika bahasha naiweka, nashika naiweka.

Nimechoka kuwa mjinga.

Klementina


Dar es Salaam
22 Mei 1953

Klementina,

Nimepata barua yako ya tarehe 2. Sikulaumu. Nisikie tu: USITOE barua ya Bwana Kamilo. Ichome. Sasa itamgeukia Baba mwenyewe. Nimempa dereva wa lori la Morogoro bahasha hii na sigara zangu zote ili aifikishe haraka.

Ichome, tafadhali.

Fridolin


Ifakara
30 Mei 1953

Kaka Fridolin,

Barua yako ya kuchoma imefika Alhamisi. Kesi ilikuwa Jumatatu.

Nakueleza kama ilivyokuwa, kwa sababu Mama hawezi kuizungumza.

Baba aliingia na kanzu yake nyeupe. Chupa ilikuwa mezani, inang'aa. Bwana Shauri si mtu mbaya, kaka. Nilitaka awe mbaya na hakuwa. Ni kijana, ana mafua, alimruhusu Baba akae. Akauliza kwa mkalimani, "Mzee, chupa hii ni yako?" Baba akasimama, akavua kofia, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Hapana, Bwana. Si yangu. Ni ya Mzungu. Nimeitunza tu."

Watu wakaguna. Bwana Mluzi akafungua mikono, kana kwamba anasema, si mmesikia? Baba akaendelea kumweleza habari za Daktari, mto, vita. Akaomba Bwana Shauri amfikishie mwenzake. Mkalimani akafupisha. Akamwambia Baba pembeni, "Njia ya mwongo ni fupi, mzee, kaa."

Basi nikaitoa barua ya Bwana Kamilo. Nilifanyaje? Nilikuwa sina kitu kingine mkononi. Bwana Shauri aliisoma yote, na nikaona uso wake unabadilika, unakuwa mzuri. Akaichukua chupa akaigeuza nyuma. Akaigeuza tena. Akauliza, "Kikaratasi kiko wapi?"

Nikasimama. Nikasema nilikiona kwa macho yangu, niliandika herufi zake, na mimi ndiye niliyekiosha. Akasema, "Kwa nini uliosha?" Nikasema, "Ilikuwa chafu, Bwana." Kaka, walicheka. Hata wale waliokuja kumwonea Baba huruma walicheka. Nilimtazama Teofili aseme kwamba na yeye alikiona. Alikuwa anatazama sakafu. Nilikuwa namwona mrefu kumbe ni mfupi.

Bwana Mluzi akaonyesha kwamba lakiri hakuna na wiski imepungua vidole viwili, basi mzee ameifungua akaionja akaiziba. Akataja bei yake ya dukani. Chupa akarudishiwa yeye. Baba miezi tisa, jela ya Morogoro.

Walipomtoa alinipita karibu sana. Alikuwa anatabasamu. Akaniambia, "Umeona Bwana Shauri alivyoishika kwa mikono miwili?"

Hajajua, Fridolin. Anadhani amemaliza kazi yake.

Klementina


Dar es Salaam
14 Juni 1953

Mdogo wangu Klementina,

Nimesoma. Nimekaa na barua yako ndani ya chumba cha kuoshea vyombo, nikaisoma tena. Hapo ndipo ninapofanya kazi. Mimi si mkubwa wa weta, Klementina. Naosha glasi. Ndiyo maana sikupewa ruhusa ya kuja, na ndiyo maana kanga zenu huchelewa. Nakwambia sasa ili ujue jambo moja: kama ile chupa ingeletwa kwangu na uchafu ule, na Baba ananiomba, ningeiosha mimi kabla hujafika kisimani. Ndivyo tulivyolelewa. Usijiite mjinga tena.

Nilikwenda Morogoro kwa treni siku yangu ya mapumziko. Haikuwa siku ya wageni. Niliacha sabuni na blanketi mlangoni, sijui kama vimemfika.

Bwana Kamilo amenishangaza. Alikasirika, akatukana kwa Kigoa, halafu akasema bado kuna mlango mmoja. Kizibo. Anasema ubavuni mwa kizibo, sehemu iliyomo ndani ya shingo, watengenezaji walikuwa wakichoma jina na alama yao kwa moto. Majivu hayafiki huko. Kizibo kikitolewa mbele ya Bwana Shauri, kitasema chenyewe ni cha zamani. Lakini lazima kitolewe mbele yake, na mtu anayejua kazi hiyo, maana kizibo cha umri ule huvunjika kama biskuti.

Mwendee Bwana Mluzi. Mpigie magoti ikibidi. Asiifungue peke yake, hilo tu ndilo tunaloomba. Pantaleo mpishi akusaidie kuingia.

Fridolin


Ifakara
5 Julai 1953

Kaka Fridolin,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, na shikamoo ya mwosha glasi ni ile ile.

Nilikwenda siku ile ile niliyopata barua yako. Pantaleo alinipokea mlango wa jikoni, akanikalisha, na nilipomwambia nimefuata nini akaweka mwiko chini.

Bwana Mluzi aliifungua siku ya sherehe za kutawazwa Malkia. Alikuja Mgiriki wa mbao kula naye. Pantaleo mwenyewe ndiye aliyeileta mezani. Kizibo kilikatika vipande vipande, wakakitoa kwa uma huku wanacheka, vipande vikatupwa jikoni vikaungua na kuni. Bwana Mluzi akanywa kidogo. Akaacha kucheka. Akanywa tena, akaishika glasi mbele ya taa. Yule Mgiriki akaonja akasema, "Rafiki, hii si yako. Hii ni ya kabla ya vita. Huko Ulaya watu wangeigombea mnadani."

Pantaleo anaapa kwa Bikira Maria kwamba Bwana Mluzi alijibu, "Basi mzee alisema kweli." Kisha akapiga mluzi kidogo, akamimina nyingine. Waliimaliza.

Nilimwambia Pantaleo twende kwa Bwana Shauri akaseme hayo. Akanionyesha watoto wake watano walioketi pale uani. Sikumlazimisha. Nilimngoja Bwana Mluzi mwenyewe barazani. Akanisikiliza amesimama, akasema kesi imekwisha, nisirudi tena. Hakunitazama usoni.

Wakati natoka Pantaleo alinikimbilia, akaniwekea chupa tupu ndani ya kapu, chini ya mboga. Ninayo hapa. Ina harufu kama ya sandarusi. Nimeitazama sana, hata sijui natafuta nini.

Mwulize Bwana Kamilo kama kuna mlango mwingine. Najua hakuna. Mwulize tu.

Klementina


Jela, Morogoro
2 Agosti 1953

Kwa binti yangu Klementina Severini, Ifakara.

Tumsifu Yesu Kristo. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima, shaka ni juu yenu. Anayeniandikia ni mwenzangu Eustaki, mwalimu, amenisaidia sana. Blanketi la Fridolin nimelipata, sabuni sikuiona.

Mama yako asiuze mpunga wote, aache mbegu. Upande wa mtoni mpande mapema, viboko hawapendi mpunga ulioanza kukomaa.

Mwanangu, nina jambo moja tu. Nimesikia chupa alipewa Bwana Mluzi. Sikuona vibaya, naye ni Mzungu, labda ndiye anayejua njia ya kwenda kwa Bwana Daktari. Lakini usiku nawaza. Hawajaifungua? Daktari alisema tutaifungua pamoja. Akija asinikute, na chupa isiwepo, atasema nini? Niambie iko wapi na iko katika hali gani. Wewe hujawahi kunidanganya, ndiyo maana nakuuliza wewe na si kaka yako. Nikijua iko salama moyo wangu utatulia.

Mimi baba yako,
Severini

Dada, mimi Eustaki naongeza mistari hii bila mzee kujua. Kifua chake si kizuri. Anakohoa damu tangu wiki iliyopita. Kila siku anauliza kama posta imekuja. Mjibu upesi, dada.


Ifakara
10 Agosti 1953

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Sisi hatujambo. Mama hajambo, mbegu ameacha, na upande wa mtoni tutapanda mapema kama ulivyosema. Fridolin anakusalimu, ataleta sabuni nyingine.

Baba, umeniuliza nami nakujibu. Bwana Mluzi, kwa kinywa chake, na Pantaleo ni shahidi, amesema kwamba mzee alisema kweli. Maneno hayo hayo. Na Mzungu mwingine aliyekuwepo amesema ni kitu cha thamani sana, hata Ulaya wangekigombea. Nilitaka uyajue hayo.

Chupa haikukaa kwa Bwana Mluzi. Ipo hapa nyumbani, ndani ya kihenge, mahali pake pale pale. Nimeifukia mimi mwenyewe kwa mpunga mpya. Bwana Daktari akija ataikuta.

Usiwaze tena usiku. Lala, Baba. Jifunike blanketi kifuani.

Leo asubuhi nimeiosha tena. Haina vumbi.

Binti yako,
Klementina